Nani Analipa Hiyo Asilimia?

Desemba iliyopita, siku chache kabla wenyeji wa Moshi waliotapakaa nchi nzima hawajaanza kurudi nyumbani kula Krismasi, tulivunja kikoba chetu cha Majengo. Kuvunja huku hakuna ugomvi ndani yake: sanduku linafunguliwa, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, tunagawana. Kila hisa ya shilingi 5,000 ilirudi na shilingi 1,000 mgongoni. Asilimia 20. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo hesabu ile niliirudia mara tatu kabla sijaweza kulala.

Kesho yake akaja mtoto wa kaka yangu, anayepandisha watalii mlimani kwa njia ya Machame. Tipu zake huja kwa dola, na kwa mwaka na kitu sasa amekuwa akizigeuza kuwa zile dola za kwenye simu. Akanionyesha programu moja: weka dola zako humu, upate asilimia 18 kwa mwaka. Nikamwambia hao ni matapeli. Hakukasirika, alicheka tu.

"Shangazi, nyie jana mmegawana asilimia 20 na hakuna aliyeita polisi. Hii yangu ya 18 ndiyo iwe wizi?"

Jibu sikuwa nalo. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, na nilijua tu kwamba tumbo langu limekataa. Lakini tumbo si hoja. Yaliyomo humu ndiyo niliyoyapata baada ya wiki kadhaa za kusoma na kuulizana naye maswali, mengine yeye akinifundisha mimi.

Tuanze na ile 20 yetu, maana hiyo naijua nje ndani. Mwaka mzima wanachama tulinunua hisa 2,400, yaani shilingi milioni 12. Fedha hizo hazikukaa sandukuni, tulikopeshana kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, mkopo usizidi miezi mitatu. Mama anayeleta ndizi mshare pale Mbuyuni alichukua 600,000, akarudisha na 90,000 juu. Fundi pikipiki alikopa mara mbili. Mimi mwenyewe nilichukua 300,000 za ada ya shule, nikalipa riba 45,000, kwa hiyo sehemu ya faida yangu nilijilipa kwa mkono wangu. Riba zote zikijumlishwa zilifika milioni 2.4. Gawanya kwa hisa 2,400, unapata ile elfu moja. (Mhasibu mwenye kisirani atasema hiyo si asilimia 20 safi, maana hisa hununuliwa wiki hadi wiki na nyingine hazikukaa hata miezi miwili. Ana haki. Tuendelee.)

Ukinishika shati ukaniuliza kila shilingi ya faida ilitoka kwa nani, nitakutajia majina. Tena naweza kukueleza kwa nini aliweza kulipa: ndizi ziliuzika, pikipiki zinaharibika kila siku. Na hakuna aliyekaa mkutanoni akapitisha kwamba mwaka huu faida iwe 20. Ilitokea hivyo kwa sababu watu walikopa na wakarudisha. Mwaka 2020, korona ilipowazuia watalii kuja na mji mzima ukanyamaza, watu waliogopa kukopa na mwisho wa mwaka tuligawana vijisenti. Faida ilifuata biashara ya mji, ikashuka nayo.

Sasa twende kwenye simu ya kijana.

Blokucheni, ukiivua mapambo, ni daftari la hesabu ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Hakuna mweka hazina mmoja anayeweza kufuta mstari usiku. Kompyuta za watu wanaoitwa wathibitishaji zinakubaliana kila baada ya muda mfupi ni miamala gani imeingia, na yeyote duniani anaweza kulifungua daftari hilo akasoma. Ndani yake watu huhifadhi vitu vinavyoitwa tokeni. Tokeni ambazo bei yake imeahidiwa kubaki sawa na kitu kingine, mara nyingi dola moja ya Marekani, ndizo zinazoitwa sarafu thabiti. Zile dola za simu za kijana ni hizo.

Ahadi hiyo hutimizwa kwa njia tatu, na ukizichanganya ndipo unapopotea.

Ya kwanza ndiyo rahisi. Kampuni inapokea dola yako, inaiweka benki au inainunulia dhamana za muda mfupi za serikali ya Marekani, kisha inakupa tokeni moja. Ukiirudisha, inakurudishia dola. USDT ya kampuni ya Tether iliyoanza 2014 ni ya aina hiyo, na USDC iliyoanza 2018 vilevile. Zile dhamana za serikali zinazaa riba. Riba hiyo ni ya nani? Ya kampuni. Tether ilitangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 13 kwa mwaka 2024 peke yake. Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu akiwa na USDT 2,000 zimekaa tu kwenye pochi yake ya simu, ameikopesha kampuni hiyo dola 2,000 bila riba, na hajui kama amemkopesha mtu. Alipoisikia hiyo alinyamaza kidogo. Na msidhani ni uchoyo wa kampuni pekee: sheria ya sarafu thabiti iliyosainiwa Marekani Julai 2025 inawakataza watoaji kuwalipa riba wanaoshika sarafu zao, na Ulaya nako wamekataza. Serikali hazitaki sarafu hizi ziwe benki za mlango wa nyuma.

Hata hiyo ya kwanza, neno thabiti lisikulevye. Machi 2023 benki ya Silicon Valley Bank ilipoanguka, dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC zilikuwa humo. Wikiendi hiyo USDC moja iliuzwa mpaka senti 87 hivi. Ilirudi kwenye dola kamili baada ya serikali ya Marekani kutangaza kwamba wenye amana wote watalipwa. Sarafu ya ulimwengu uliozaliwa ili usitegemee serikali iliokolewa na serikali.

Ya pili ni ya rehani. Unaweka tokeni nyingine, tuseme etha (tokeni ya blokucheni ya Ethereum, ambayo bei yake hupanda na kushuka) za thamani ya dola 150, mfumo unakutolea sarafu thabiti 100. DAI, iliyoanza Desemba 2017 chini ya mradi wa MakerDAO, ilijengwa hivyo. Etha zako zikishuka thamani na kukaribia deni, programu inazipiga mnada yenyewe. Hakuna kuomba muda, hakuna kumtuma mzee akuombee. Mchaga aliyewahi kuweka kihamba, shamba la ukoo, rehani anaelewa haraka, isipokuwa hapa mnada unafanyika saa nane za usiku na dalali ni kompyuta.

Ya tatu haina dola benki wala rehani. Ina ahadi tu, na hesabu. Hiyo nitaifikia.

Basi faida hutoka wapi? Nilichora mistari kwenye daftari langu la kikoba na kijana akanisaidia kuijaza. Kuna mikopo: wapo wanaoweka etha zao kama dhamana na kukopa sarafu thabiti, kwa sababu hawataki kuuza etha au kwa sababu wanataka kununua nyingine zaidi kwa kubahatisha. Wanalipa riba, nawe uliyeweka unapata sehemu. Hiyo ni kikoba kabisa, ila wakopaji wake hawauzi ndizi; wengi wanacheza na bei. Bei zikipanda wanakopa kwa fujo na riba inapanda, zikianguka wanatoweka na riba nayo inatoweka. Kuna ada za wanaobadilisha sarafu moja kwa nyingine. Kuna riba ya zile dhamana za serikali, kwa miradi inayoipitisha kwa waweka akiba. Vyote hivyo vina mlipaji unayeweza kumwonyesha kidole.

Halafu kuna tokeni zinazochapishwa. Mradi unataka watu waje, basi unawalipa kwa tokeni zake wenyewe. Fikiria kikoba chetu kimekosa riba, mweka hazina akachukua kalamu akawaandikia kila mmoja hisa kumi mpya na kusema hongereni, mmepata faida. Sanduku ni lile lile. Mgeni akikubali kuzinunua hisa hizo kwa fedha taslimu, faida yako imelipwa na mgeni. Asipokuja, umelipwa karatasi.

Katika ile 18 ya kijana, tulipoipasua, 5 na kitu ilitoka kwa wakopaji. Iliyobaki yote ilikuwa ya kuchapishwa.

Hapo nilidhani nimeshinda ubishi. Lakini akaniuliza swali bora kuliko yangu yote: "Sasa shangazi, nani aliamua ichapishwe?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye habari ya programu iitwayo Anchor, na nitakaa hapo kidogo.

Terra ulikuwa mtandao wa blokucheni uliojengwa na kampuni ya Terraform Labs, mwanzilishi wake akiwa Do Kwon wa Korea Kusini. Ulikuwa na sarafu thabiti iitwayo UST, na tokeni yenye bei huru iitwayo LUNA. UST ni ile aina ya tatu. Kanuni yake ilikuwa moja: wakati wowote unaweza kuiteketeza UST 1 ukapewa LUNA za thamani ya dola 1, na kinyume chake. UST ikishuka hadi senti 98, wajanja watainunua, wataiteketeza, watapata LUNA za dola nzima na kuziuza. Hivyo UST zitapungua na bei itarudi. Ni hesabu nzuri ilimradi LUNA inanunuliwa. Siku ambayo hakuna anayeitaka LUNA, unazidi kuichapisha ili kulipa UST, na kadiri unavyoichapisha ndivyo isivyotakiwa.

Watu walizitaka UST za nini? Kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya Anchor, programu ya akiba iliyokuwa ikilipa karibu asilimia 19.5 kwa mwaka. Mapema Mei 2022 kulikuwa na UST bilioni 18 hivi duniani, na takriban bilioni 14 zilikuwa zimewekwa Anchor. Waliokopa hawakufikia robo ya hiyo. Nilipiga hesabu kwa penseli: asilimia 19.5 ya bilioni 14 ni zaidi ya dola milioni 7 kila siku ya Mungu. Riba za wakopaji na mapato ya tokeni walizoweka rehani hayakuweza kuufikia mzigo huo. Pengo lilijazwa kutoka mfuko wa akiba, na mfuko ulipokaribia kukauka, Februari 2022, taasisi iliyoanzishwa kuilinda sarafu hiyo iliongeza dola milioni 450.

Watu wa rika langu wanaikumbuka DECI, ule upatu wa kupanda mbegu na kuvuna fedha, ambao serikali iliufunga mwaka 2009. Kule vitabu vilikuwa mikononi mwa wenyewe. Anchor vitabu vilikuwa wazi mchana na usiku. Mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuutazama mfuko ukipungua siku kwa siku, na wapo waliochora michoro wakatangaza tarehe utakapokauka. Mimi nililelewa kikazi kuamini kwamba daftari likiwa wazi, wizi unakufa. Habari ya Anchor ilinivunja moyo kuhusu hilo kuliko kitabu chochote cha ukaguzi.

Maana kulikuwa na kura. Anchor ilikuwa na tokeni yake, ANC, na wenye kuifungia tokeni hiyo, yaani kuiweka kando isiuzwe, ndio waliopitisha mabadiliko. Aliyeweka UST zake humo kwa ajili ya 19.5 hakupata kura kwa kuweka. Kura ni ya ANC. Wenye ANC na LUNA walitaka nini? Watu waendelee kuja, UST ziendelee kuhitajika, bei ya tokeni zao isimame. Kilichowaleta watu ni ile 19.5. Kuipunguza kungekuwa kukata tawi walilokalia. Machi 2022 hatimaye hoja ilipita kwamba kiwango kisiwe cha kudumu, kiwe kinasogea kufuatana na hali ya mfuko, lakini kisisogee zaidi ya pointi 1.5 kwa mwezi. Mwezi Mei kilishuka hadi takriban asilimia 18. Wiki hiyo hiyo ya kwanza ya Mei, wenye fedha nyingi walianza kutoka.

Kilichofuata kilikuwa cha siku chache tu. UST iliteleza kutoka kwenye dola, watu wakakimbilia mlangoni, LUNA zikachapishwa kuwalipa. Idadi ya LUNA ilikuwa milioni mia tatu na kitu. Ilifika trilioni 6.5. Bei ya LUNA moja, iliyokuwa juu ya dola 80 mwanzoni mwa mwezi, ikawa chini ya senti. Ile taasisi ya ulinzi ilisema ilikuwa na bitkoini 80,394 za kulinda sarafu, zilibaki 313. Thamani ya jumla iliyoyeyuka inakadiriwa kuwa dola bilioni 40. Do Kwon alikamatwa Montenegro Machi 2023, na Agosti 2025 alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama New York.

Katikati ya moto huo kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Mei 12 wathibitishaji waliusimamisha mtandao mzima. Sababu waliyoitoa ni kwamba LUNA imekuwa rahisi mno, na kwa kuwa LUNA ndiyo kura, mtu yeyote angeweza kununua wingi wa kura kwa fedha kidogo na kuuteka mtandao. Yaani mkutano ulifungwa kwa sababu viti vya mkutano vimeshuka bei.

Hapo ndipo mtu wa Moshi lazima asimame atafakari, maana mji huu umelelewa na ushirika. Wakulima wa kahawa wa mlimani walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu ambacho bado kipo. Chuo kikuu cha ushirika kiko hapa hapa. Kanuni tunayofundishwa mapema, na iliyomo kwenye sheria ya vyama vya ushirika, ni mwanachama mmoja kura moja. Mwenye miche elfu mbili na mwenye miche hamsini wakinyoosha mkono, mikono ni miwili.

Sisemi kanuni hiyo ilituletea pepo. Mwaka 1937 wakulima walifanya vurugu dhidi ya ushirika wao wenyewe kwa hasira ya bei na ya kulazimishwa kuuza kupitia humo. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote kwa kalamu, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Na nani hajawahi kukaa kwenye mkutano mkuu ambao maamuzi yalikwisha kupikwa jikoni? Ninachosema ni kwamba tumezoea kuuliza: huyu anayenyoosha mkono ni nani, na ana nini humu ndani?

Kwenye blokucheni swali la kwanza halijibiki. Daftari linaijua pochi, halimjui mtu. Mtu mmoja anaweza kufungua pochi elfu moja kabla chai haijapoa. Ukisema pochi moja kura moja, atapiga kura elfu. Kwa hiyo wakachagua tokeni moja kura moja, maana tokeni haiwezi kuigizwa, lazima inunuliwe. Si kwamba waanzilishi walidharau usawa. Walikosa kitambulisho cha taifa. Kwenye mitandao ya familia ya Cosmos, yaani blokucheni zilizojengwa kwa zana zile zile, Terra ikiwa mojawapo, kuna kitu cha ziada: ukifungia tokeni zako kwa mthibitishaji na usipige kura mwenyewe, yeye anapiga kwa uzito wako. Watu wengi hawapigi. Hivyo wathibitishaji wachache wanabeba sauti za maelfu walio usingizini. Sisi kwenye kikoba asiyekuja mkutanoni anatozwa faini, hapewi mtu wa kumnyooshea mkono.

Nikupe mfano wa jinsi tokeni moja kura moja inavyoweza kugeuzwa. Aprili 2022 kulikuwa na mradi wa sarafu thabiti uitwao Beanstalk. Kwenye blokucheni kuna kitu kinaitwa mkopo wa papo: unakopa mamilioni bila dhamana, sharti uyarudishe ndani ya muamala ule ule; usiporudisha, muamala wote unahesabika haukutokea. Sasa fikiria mtu anaingia kwenye kikao chetu Jumamosi na gunia la fedha za kukopa. Ananunua theluthi mbili ya hisa papo hapo, anaisimamia hoja aliyoiwasilisha jana yake kwamba sanduku lote apewe yeye, ananyoosha mkono, hoja inapita, anabeba sanduku, anarudisha lile gunia mlangoni na kupotea. Ndicho kilichotokea Beanstalk. Mkopo wa takriban dola bilioni moja, kura moja, na mradi ukapoteza dola milioni 182 hivi. Hakuvunja kufuli. Alifuata katiba.

Katiba ya kikoba chetu inasema hakuna anayeruhusiwa kununua zaidi ya hisa tano kwa kikao. Nilikuwa naiona sheria ya kitoto, inayowabana wenye uwezo. Sasa nimeelewa iliandikwa dhidi ya gunia.

Hata bila gunia la kukopa, mwenye subira anaweza kununua kura taratibu. Julai 2024 kwenye mradi wa mikopo wa Compound, kundi la wenye tokeni nyingi lilipeleka hoja ya kukabidhiwa tokeni 499,000 za mfuko wa mradi, zenye thamani ya dola milioni 24 hivi. Ilipita kwa kura 682,191 dhidi ya 633,636. Wengine walipiga kelele, yakafanyika mazungumzo, hoja ikaachwa kwa makubaliano. Lakini soma zile namba tena: hiyo si idadi ya watu.

Kwa haki nitaje na mfano mwingine. MakerDAO, wale wa DAI, waliwahi kupata hasara ya mamilioni kadhaa ya dola Machi 2020, etha zilipoporomoka na baadhi ya minada ikanunuliwa kwa bei ya sifuri kwa sababu mtandao ulisongamana. Pengo lilizibwa kwa kuchapisha na kuuza tokeni mpya za MKR. Na MKR ndiyo iliyokuwa tokeni ya kupigia kura pale. Yaani waliokuwa na kura ndio waliopunguziwa thamani kwa ajili ya deni. Agosti 2023 walipandisha riba ya akiba ya DAI hadi asilimia 8 ili kuvuta watu. Walipoona wakubwa wanaikimbilia kwa ujanja, waliishusha hadi 5 ndani ya mwezi ule ule. Wakati huo sehemu kubwa ya mapato yao ilitoka kwenye dhamana za serikali ya Marekani, kwa hiyo walijua wana kiasi gani cha kugawa. Anchor ilisogeza kidole kwa pointi 1.5 kwa mwezi huku mfuko ukivuja. Hawa walikata 3 kwa wiki mbili. Tofauti naiona kwenye nani anaumia kura ikikosewa.

Kuhusu sheria za kwetu nitapita haraka. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za mtandao si fedha halali nchini, na tangazo hilo halijawafanya vijana waache. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo kodi ipo, lakini ukiunguzwa hakuna bima ya amana utakayoidai. Kikoba chetu angalau kinatambuliwa: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inatuweka daraja la nne, na tuna cheti.

Tulikaa na kijana jioni moja, yeye na simu, mimi na miwani. Nilimwambia anitafutie ukurasa wa kura wa hiyo programu yake. Alikuwa hajawahi kuufungua. Tulikuta kwamba nyongeza ile ya tokeni za kuchapishwa ilipitishwa miezi miwili kabla. Zaidi ya nusu ya kura za ndiyo zilitoka kwenye pochi tano. Mtu aliyeweka dola zake kama yeye hakuwa na kura yoyote, na hoja ya kuongeza tena ilikuwa inasubiri.

Alizikodolea zile pochi tano muda mrefu. Hazina majina, ni herufi na namba.

"Na kikoba chenu nikitaka kuingia?"

Nikamwambia tunaanza mzunguko mpya Januari, alete wadhamini wawili, na kikao ni kila Jumamosi saa kumi, kuchelewa ni faini. Akacheka tena. Jumamosi saa kumi yeye huwa kambi ya Barafu, anawalazimisha wageni wale supu kabla ya safari ya usiku ya kileleni.

Dola 1,500 alizitoa, zikamchukua siku kadhaa kufika, akazibadilisha shilingi kidogo kidogo. Mia tano ameziacha humo. Anasema anataka kuona hiyo kura inayokuja itakwendaje.